Waliokwenda Dar

Baba mdogo wangu, mzaliwa wa Tukuyu, hapendi kabisa msimu wa usajili. Redio ikitaja tu nani kasaini wapi, anaizima. "Wanakuja kuvuna tena," anasema, kisha anarudi kwenye chai yake. Nilikuwa namcheka. Siku moja nikamkalisha pale nyumbani Mwanjelwa nikamwambia, haya baba, nieleze huo mwaka 1986.

Mwaka huo Tukuyu Stars, wale Banyambala, walikuwa wageni kwenye ligi ya Bara. Wamepanda tu, wakachukua ubingwa hapohapo, Simba na Yanga wakiangalia. Ebu fikiria, ndugu msomaji: kamji ka migomba na mvua, kilomita kama 70 kutoka Mbeya mjini, ndiko kana bingwa wa nchi! Baba mdogo alikuwa kijana. Anasema waliibana redio sikioni, RTD inakoroma, mtu akikohoa anatimuliwa nje.

Mwaka 1987 timu ikashuka daraja.

"Waliwachukua watoto wetu," ndiyo maelezo yake yote. Hapo ndipo tulipoanza kubishana. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ridhaa, mikataba ya miaka kama ya leo hamna. Kijana aliyekuwa anacheza kwa nauli na sahani ya wali, akiitwa Dar, abaki kwa lipi? Mimi ningekwenda. Nilipomwambia hivyo, baba mdogo aliniangalia kama msaliti.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua, na hapa yuko sahihi. Huko Marekani klabu kubwa za besiboli zina timu ndogo za kukuzia wachezaji mikoani, na mishahara ya wachezaji hao inalipwa na klabu kubwa. Tukuyu waliwakuza vijana kwa ndizi zao wenyewe.

Kizazi changu kilikuja kupata Tukuyu yake. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji iliyoanzishwa 2011, ilipanda Ligi Kuu 2013, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi. Uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa hadi watu wanapanda miti. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga. Kabla mwaka haujaisha, Mwambusi naye akaenda hukohuko, kocha msaidizi. Yaani safari hii waliondoka na mvunaji na shamba.

Ukipanda basi kwenda Iringa hadithi ni ileile, tofauti jezi. Lipuli walirudi Ligi Kuu 2017. Mwaka 2018 mshambuliaji wao Adam Salamba akachukuliwa na Simba. Cha ajabu, hawakuanguka! Mwaka 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, wakafungwa na Azam 1-0. Hiyo fainali ndiyo hoja yangu kwa baba mdogo: mtu mmoja akiondoka timu haifi, mradi yuko mwingine anayesubiri benchi. Akanijibu kwa neno moja tu: "Sonso." Kweli bwana. Baada ya fainali beki Ali Mtoni "Sonso", ambaye sasa ni marehemu, akaenda Yanga, na 2020 Lipuli wakashuka.

Sijasema ni Sonso peke yake. Njaa ya klabu ilikuwa ndefu kuliko jina la mtu mmoja. Ila hesabu ya baba mdogo, ya kulaumu Kariakoo tu, inatusamehe sisi tuliobaki. Tunajaza uwanja siku ya Simba na Yanga, tena wengine tumevaa jezi zao. Siku ya mechi nyingine, nani analipa kiingilio?

Mbeya City nao walishuka 2023, wakarudi Ligi Kuu 2025. Jioni ile habari ilipotangazwa baba mdogo hakuzima redio. Aliongeza sauti, akaniuliza, "Kipa wetu nani?"