Kidhibiti Mwendo, Kutoka Vinu Hadi Anga la Nairobi

Wakenya wengi walikijua kidhibiti mwendo mwaka wa 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipokataza matatu kupita kilomita 80 kwa saa. Kifaa chenyewe ni cha kale. James Watt aliazima wazo kutoka vinu vya kusagia nafaka, akalitia kwenye injini ya mvuke mwaka wa 1788: vizito viwili vinazunguka, mwendo ukizidi vinatanuka na kupunguza mvuke, ukipungua vinarudi na kuuongeza. Cha matatu huweka kikomo tu; cha Watt kilishikilia mwendo uleule, na hicho ndicho helikopta inachohitaji.

Katika Bell 47, helikopta ya pistoni iliyopata kibali mwaka wa 1946, rubani alizungusha kishikio cha mafuta mwenyewe kila alipoinua wenzo wa mkono wa kushoto, ili mapanga yasipungue mwendo. Mwaka wa 1955 ikaja Alouette II ya Ufaransa, yenye turbini, na kazi hiyo ikamtoka mkononi, ikashikwa na kidhibiti.

Tazama Bell 206 ikiondoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Rubani anavuta wenzo, mapanga yanabinuka, upinzani wa hewa unaongezeka na mwendo unataka kushuka. Vizito ndani ya kidhibiti, wajukuu halisi wa vile vya Watt, vinahisi upungufu huo mara moja. Shinikizo la hewa linabadilika, mafuta yanaongezwa, na mapanga yanabaki kwenye mizunguko 394 hivi kwa dakika. Ni ufundi wa kustahiwa. Siku hizi kompyuta imeshika kazi hiyo: AS350 B3e ya mwaka wa 2011 ina njia mbili za udhibiti, moja ikifa nyingine inaendelea.

Lakini uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, jua likiwaka ni nyepesi zaidi, na ukielekea magharibi, Karen hadi Ngong, ardhi inazidi kupanda. Turbini ikifikia kikomo chake, hakuna mafuta zaidi ya kuongeza. Rubani akizidi kuvuta, mapanga yanapungua mwendo hata kama kidhibiti ni kizima. Kidhibiti hugawa nguvu iliyopo, hakizai nyingine.

Kwa hiyo mnaokodi helikopta msimu wa kampeni, rubani akisema abiria mmoja ashuke, msibishane naye.