Dubu Weupe na Mtihani wa Sheria

Tarehe 23 Juni 1926, vijana 8,040 waliketi kufanya mtihani wa aina mpya wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani. Maswali yalikuwa 315, muda dakika 97; kila swali lilipata chini ya sekunde ishirini. Huo ndio SAT wa kwanza. Kati ya sehemu zake tisa, moja ilihusu kuhitimisha kimantiki, yaani kuamua ni jambo gani linafuata kwa lazima kutokana na yaliyokwisha kusemwa. Aristotle alikuwa ameshughulikia suala hilohilo zaidi ya miaka elfu mbili kabla, ila yeye hakuwawekea wanafunzi wake saa mezani.

Aliyeuongoza utungaji wa mtihani huo alikuwa Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton. Kazi ya kupima akili aliijulia jeshini, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ilipowapima askari wapatao milioni 1.7 chini ya usimamizi wa Robert Yerkes. Mwaka 1923 Brigham aliyachukua matokeo hayo ya jeshi akaandika kitabu kilichodai kwamba watu wa Ulaya ya Kaskazini wamezaliwa na akili kuliko wengine. Miaka saba baadaye aliikana kazi yake hadharani, katika jarida la kisayansi, akakiri kwamba hoja zake hazikuwa na msingi. Alama zile zilikuwa zimebeba lugha, shule na malezi ya mtu, si akili tupu ya kuzaliwa. Ni wasomi wachache wenye ujasiri wa namna hiyo. Lakini mtihani wake ulikwisha kushika njia, na kukana kwake hakukuusimamisha.

Upande wa pili wa bahari, Cyril Burt, mwanasaikolojia wa London, alikuwa ametunga maswali ya mantiki kwa watoto wa shule. Mtoto anaambiwa nani ni mweupe kuliko nani, kisha anatakiwa kumtaja aliye mweusi kuliko wote. Karibu mwaka 1920 kijana wa Uswisi, Jean Piaget, alipewa kazi ya kuyajaribu maswali hayo kwa watoto wa Paris. Kuhesabu waliopata na waliokosa kulimchosha upesi. Kilichomvutia ni namna watoto walivyokosa, kwa kuwa makosa yao yalikuwa na mpangilio. Akaanza kuwahoji, na nadharia yake yote ya ukuaji wa fikra za mtoto ina mizizi katika mahojiano hayo.

Jaribio linalofundisha zaidi kuhusu maswali haya, hata hivyo, halikufanyika katika chumba cha mtihani. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Urusi, alikwenda Asia ya Kati kuwahoji wakulima wa Uzbekistan ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Aliwapa kauli mbili. Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani?

Mmoja alijibu kwamba dubu aliyewahi kumwona yeye ni mweusi, na kwamba hazungumzii asichokiona kwa macho yake. Wengine walisema aulizwe mtu aliyefika huko. Luria alirudia swali, akasisitiza wasikilize maneno yake tu, lakini wapi. Waliokuwa wamepitia mafunzo mafupi ya kusoma na kuandika, au kufanya kazi katika mashamba ya ushirika, walijibu bila kusita kwamba dubu ni weupe.

Ni rahisi kumcheka mkulima yule, na ni kosa. Alikuwa akifuata kanuni ambayo mahakama yoyote ingeiheshimu, kwamba shahidi asitoe ushahidi wa jambo asilolishuhudia. Zaidi ya hayo, hoja yake ilikuwa na mantiki yake kamili, maana kutoka "sikuona" alifika vizuri kwenye "sisemi". Alichokosa ni mazoea ya shule, ambako karatasi ikisema dubu ni weupe, mwanafunzi huacha nje kila anachokijua, akafanya kazi na hayo maneno matupu. Matokeo ya Luria yalikaa miongo minne kabla ya kuchapishwa kitabuni mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo Sylvia Scribner na Michael Cole walikuwa wakifanya utafiti Liberia kwa Wavai, watu wenye hati yao wenyewe wanayofundishana nyumbani, na wengine wao wakijua kusoma Kiarabu cha madrasa. Waligundua kuwa kujua kusoma peke yake hakukuinua sana alama za maswali ya mantiki. Kilichoziinua ni kukaa darasani.

Waliotunga mitihani ya kuingilia vyuo hawakuhitaji kwenda Uzbekistan kuliona hilo. Waliliona kwenye soko la tuisheni.

Mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani, LSAT, ulianza baada ya Frank Bowles, mkurugenzi wa udahili wa Chuo Kikuu cha Columbia, kutoa wazo hilo mwaka 1945. Ulifanyika kwa mara ya kwanza Februari 1948. Leo sehemu yake kuu ni hoja fupi zinazofuatwa na maswali ya kuchagua, na mtego unaonasa wengi ni kugeuza kauli. Chukua mfano huu: kila lori linaloingia bandarini hupimwa uzito, na lori hili limepimwa uzito. Je, limeingia bandarini? Mwenye haraka atasema ndiyo. Lakini kauli haikusema kwamba malori mengine hayapimwi. Huenda hili lilipimwa kwenye mizani ya barabara kuu. Kinachofuata kwa lazima ni kimoja tu: lori ambalo halikupimwa halikuingia bandarini. Mtahiniwa anayezijua barabara za kwetu anaweza kulifikia jibu kwa uzoefu wake, lakini mtihani haumpi alama kwa uzoefu huo.

GRE, mtihani wa wanaoomba shahada za juu, uliongeza sehemu ya uchambuzi mwaka 1977. Haikupita miaka mitano, aina mbili za maswali zikaondolewa kwa sababu ilionekana mazoezi mafupi tu yanapandisha alama. Mwaka 2002 sehemu nzima ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na insha.

LSAT nao ulikuwa na sehemu iliyoogopwa kuliko zote, ile watahiniwa waliyoiita michezo ya mantiki, iliyoingia mwaka 1982. Watu saba wanapangiwa siku za kuhutubu; Asha asimtangulie Juma; Neema akipangiwa Jumanne, Baraka awe Alhamisi. Nani anaweza kuwa wa mwisho? Njia iliyofundishwa kila mahali ilikuwa kuchora jedwali, kupanga, kufuta na kupanga tena. Mwaka 2011 mwombaji mmoja asiyeona, wa Michigan, alifungua kesi akiuliza mtu asiyeweza kuchora anapimwaje kwa michoro. Suluhu ilifikiwa Oktoba 2019, na LSAC, chombo kinachosimamia mtihani huo, kikaahidi kutafuta njia nyingine ndani ya miaka minne.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley walikuwa wameshachapisha picha za ubongo wa vijana kabla na baada ya kozi ya miezi mitatu ya kujiandaa na LSAT. Mawasiliano kati ya sehemu za mbele na za juu za ubongo yalikuwa yamebadilika. Hata wazo la awali la Brigham la kupima kipaji kisichoguswa na mwalimu lingepata shida mbele ya picha hizo.

Michezo ya mantiki ilitoka kwa mara ya mwisho Juni 2024. Tangu Agosti mwaka huo, mahali pake pana sehemu ya pili ya hoja fupi, dakika 35, maswali takriban 25. LSAC wenyewe walichambua matokeo ya nyuma, wakaona kwamba mtihani usio na michezo unatabiri maendeleo ya mwanafunzi chuoni karibu sawasawa na ule wa zamani. Waliochorishwa majedwali kwa miaka 42 wana haki ya kuuliza walikuwa wakipimwa nini.