Daftari la Mzee wa Kanisa: Jumuiya za Imani na Malezi ya Watoto Karagwe na Kyerwa

Nilizaliwa na kukulia katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kyerwa. Wakati huo tuliitwa watu wa Karagwe, kwa kuwa Kyerwa haikuwa wilaya hadi mwaka 2012. Katika mtaa wetu wa kanisa, katikati ya miaka ya 1980, alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa na daftari lililofunikwa kwa gazeti kuukuu. Humo aliandika majina ya watoto wote wa shule ya Jumapili. Mtoto akikosekana Jumapili mbili mfululizo, mzee alipita kwao Jumatatu jioni akitoka shambani, jembe likiwa begani. Alisimama uani, akabisha hodi, akasalimu, kisha akauliza: "Mbona mtoto hatujamwona?" Akanyamaza, akasubiri jibu.

Nimemkumbuka mzee huyo kwa sababu wanafunzi wangu hunirudia kila mwaka na swali lilelile: je, dini imewasaidia wazazi wa Kagera kulea watoto, au imewapokonya kazi hiyo? Wapo wanaojibu kwa kuhesabu shule na hospitali za makanisa. Wapo wanaojibu kwa kutaja viboko na vitisho vya jehanamu. Pande zote mbili zina ushahidi wake. Mimi nadhani swali lenyewe laweza kujibiwa vizuri zaidi tukifuata historia ya kazi ile ndogo ya mzee wetu, yaani kazi ya kumuulizia mtoto ambaye si wako.

Kazi hiyo haikuletwa na wamisionari. Jirani zetu Wahaya wana methali isemayo "Omwana taba womoi", yaani mtoto hawi wa mtu mmoja. Waswahili wa pwani nao walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika Karagwe ya watawala wa kale, ile ambayo Speke na Grant waliikuta chini ya Rumanyika mwaka 1861, mtoto alikuwa wa ukoo kabla hajawa wa baba yake peke yake. Na dini ya wakati huo haikukaa mbali na jambo hili. Katika ibada ya kubandwa, iliyoenea katika nchi za Maziwa Makuu, mtu aliyeingizwa alipata wazazi wa kiibada, watu wasio wa damu yake lakini wenye wajibu juu yake. Sishangai, basi, kwamba baadaye msimamizi wa ubatizo alieleweka upesi katika nchi hizi. Jina lilikuwa geni, lakini wajibu ulikuwa umezoeleka.

Uislamu nao ulifika mapema. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unyanyembe walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Rumanyika huko Bweranyange, tangu katikati ya karne ya 19. Baadaye madrasa zilizosimama kando ya misikiti yetu zilitumia njia ambayo kila Mtanzania anaijua: mtoto hukabidhiwa kwa maalimu, na maalimu humjua mtoto huyo kwa jina, kwa sura aliyofikia na kwa nyumba anayotoka.

Wakristo waliingia upande wa Bukoba kwanza. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kwa upande wa Waprotestanti, wenyeji waliojifunza kusoma Uganda walikwisha kuanza kuwafundisha wenzao kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Jambo hili lina uzito katika hoja yangu. Makanisa ya Kagera yalikua kwa miguu ya makatekista na wainjilisti wenyeji, watu waliolima migomba na kahawa kama jirani zao. Wao ndio waliofika vijijini ambako mmisionari alipita mara chache kwa mwaka.

Hata hivyo tusiipambe historia. Misheni za mwanzo zilikuja pia kumtenga mtoto na wakubwa wake. Shule ilimfundisha kuidharau ibada ya bibi yake, na mara nyingi jina lake la nyumbani likaonekana halitoshi. Watoto wengi walipata kusoma, lakini walirudi nyumbani wakiwa wageni kidogo. Mtu anayesifu malezi ya dini bila kutaja hasara hiyo anasimulia nusu ya habari.

Kwa miongo kadhaa, shule ndiyo iliyokuwa mkono mkuu wa kanisa katika malezi. Mkono huo ulikatwa kwa sheria. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za mashirika ya dini zilizopata ruzuku zikawekwa chini ya Serikali. Naamini uamuzi huo ulikuwa na haki ndani yake. Nchi huru isingeweza kuendelea kugawa nafasi za elimu kwa kufuata ramani ya misheni, huku watoto wa Kiislamu na wa vijiji visivyo na misheni wakibaki nyuma. Lakini uamuzi huo uliyaacha makanisa na swali gumu: bila shule, tunamlea mtoto kwa njia gani?

Jibu lilitoka katika nyumba za watu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani familia chache za jirani zinazokutana kusali na kusaidiana. Karagwe wakati huo ilikuwa ndani ya Jimbo la Rulenge, chini ya Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza jimbo hilo kuanzia 1969 hadi 1996. Mwoleka aliichukulia ujamaa kwa uzito kuliko wanasiasa wengi. Alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akiamini kwamba imani isiyogusa chakula, kazi na watoto wa jirani ni maneno matupu. Upande wa Walutheri, Dayosisi ya Karagwe ilizaliwa mwaka 1979 kutoka Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, na mitaa yake ikabeba shule za Jumapili, mafundisho ya kipaimara na kwaya za watoto. Daftari la mzee wetu lilitokana na mpangilio huo.

Hakuna aliyejua kwamba mpangilio huo ungejaribiwa upesi hivyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Katika Karagwe ya wakati huo, iliyojumuisha Kyerwa ya leo, kiwango kilikuwa asilimia 4.5. Tulikuwa na nafuu tukijilinganisha na jirani zetu, lakini nafuu hiyo haikutuzuia kuzika. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kati ya 1983 na 2004 ni miaka 21. Mtoto aliyezaliwa Kagera mwaka ule wa kwanza alifikia utu uzima kabla dawa haijafika kituo cha afya cha kwao.

Ni nani aliyemlea katika miaka hiyo yote? Bibi, kwanza. Shangazi na mjomba, walipokuwapo. Serikali ilikuwa na maafisa ustawi wa jamii wachache mno kwa mkoa mzima. Basi kazi iliwaangukia wale waliokuwa wakikutana kila wiki na waliokuwa na orodha ya majina. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi walianzisha mpango wa kuwahudumia yatima, wakauita HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto. Katika mtaa wetu hatukuwa na mpango wenye jina. Tulichoona ni kwamba daftari la mzee liliongezwa safu mpya. Kando ya jina la mtoto palikuwa na jina la baba. Sasa baadhi ya majina ya baba yalipigwa mstari, na pembeni pakaandikwa neno "mlezi", kisha jina la bibi au la jirani.

Safu hiyo ilifanya kazi halisi. Kupitia hiyo ilijulikana nyumba ipi ipelekewe mkungu wa ndizi, mtoto yupi hana sare, na shamba lipi la yatima limeanza kumegwa na ndugu wa marehemu. Nakumbuka wazee wa kanisa wakienda kukaa kwenye kikao cha ukoo ili tu waonekane wamekaa, ardhi ya watoto isigawanywe gizani. Hawakuwa na mamlaka yoyote ya kisheria. Walikuwa na macho, na kila mtu kikaoni alijua kwamba Jumapili macho hayo yangekutana naye tena.

Ningeishia hapo kama nisingekumbuka jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kijana mmoja wa rika langu alikosa mafundisho ya kipaimara wiki tatu. Jina lake lilikuwa daftarini, na wazee walikwenda kwao kama desturi. Ikajulikana kwamba mwalimu wa mafundisho alimchapa hadi akamuumiza mkono. Wazee wakaketi na baba yake, mwalimu akaomba msamaha, baba akapokea, sala ikasaliwa. Kijana aliambiwa arudi, akarudi. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza yeye lolote. Alipokwisha kupata kipaimara hakukanyaga tena kanisani.

Miaka mingi nililiona tukio hilo kuwa kasoro ya mtu mmoja. Sasa naliona kuwa kasoro ya daftari lenyewe. Lilirekodi kwamba mtoto hayupo. Halikuwa na safu ya sababu. Wale waliomuulizia walikuwa jirani na mkosaji kama walivyokuwa jirani na mtoto, na amani ya watu wazima ikanunuliwa kwa kimya cha mdogo. Ukaribu unaomwokoa yatima shamba lake ndio huohuo unaoweza kumficha anayemdhuru mtoto. Hali hii inaweza kutokea kanisani, madrasani, hata katika familia yoyote inayojisifia heshima yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na viongozi wa dini wanaoiona Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kuwa uingiliaji wa mambo ya ndani. Sheria hiyo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haimtoi katekista wala maalimu katika wajibu huo. Vilevile sikubaliani na watumishi wenzangu wa umma wanaodhani kwamba fomu za ofisini zinaweza kuchukua nafasi ya mtu anayepita uani Jumatatu jioni. Afisa ustawi mmoja mwenye kata nyingi hawezi kumjua kila mtoto kwa jina. Jumuiya inaweza, lakini haipaswi kuwa hakimu wa kesi inayomhusu mwalimu wake yenyewe. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana, na mtoto anavihitaji vyote viwili.

Hofu yangu ya leo ni kwamba upande wa jumuiya unadhoofika kimyakimya. Kanisa Katoliki lina Jimbo la Kayanga tangu mwaka 2008, Walutheri wana dayosisi yao, na misikiti imeongezeka katika miji yetu ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Majengo hayajapungua. Kilichopungua ni kuulizia. Mwaka jana nilipokuwa likizo nilihudhuria ibada ya jumuiya nyumbani kwa jamaa yangu. Katibu alikuwa na daftari safi lenye mistari: jina la kaya, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Nikamwuliza, kwa heshima, kama kuna daftari la watoto. Akacheka akasema, "Mwalimu, watoto tunawajua tu."

Nikamwuliza ni wangapi katika jumuiya hiyo walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza Januari na hawajaripoti shuleni hadi siku ile. Alitazama daftari lake, akalifunga. Akasema angefuatilia.

Alinipigia simu baada ya siku nane. Walikuwa wawili, mvulana na msichana. Mvulana alikuwa Murongo, akibeba mizigo mpakani. Kuhusu msichana, katibu alishusha sauti, akasema ni habari ndefu na kwamba wazee wa jumuiya walikuwa wakiona namna ya kuimaliza kwa amani. Nilimwomba mambo mawili: msichana mwenyewe aulizwe kwanza, akiwa na mwanamke anayemwamini, na taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi kabla kikao chochote cha amani hakijaketi.

Sijui kama anasoma maandishi haya. Kama anayasoma, ajue kwamba nasubiri jibu lake, kama mzee wetu alivyokuwa akisubiri uani.