Mtunza Mashati

Mwaka 1979 nilikabidhiwa shule moja ya msingi katika miteremko ya Meru, juu ya barabara kuu ya Moshi, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kikatiti. Nilikuwa kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, na nilijiona najua mengi. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Msingi kwa Wote. Musoma 1974 iliamua, na Novemba 1977 ikawa ndiyo tarehe ya kutimiza. Watoto wakaja wengi kuliko madawati, na pamoja nao wakaja wale ambao zamani wangebaki nyumbani wakichunga kuku.

Mmoja wao alikuwa mvulana wa darasa la nne ambaye mguu wake wa kushoto ulidhoofishwa na polio. Alitembelea fimbo aliyochongewa na babu yake. Jioni wenzake walipocheza chandimu, yeye alisimama pembeni. Siku moja alinifuata ofisini, akaniomba nimruhusu acheze. Nilimwambia nitampa kazi kubwa zaidi ya hiyo, yaani kutunza mashati ya wachezaji. Aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Akayatunza mpaka alipomaliza darasa la saba, na sikumbuki hata shati moja lililopotea. Niliwasimulia walimu wenzangu habari hiyo kwa fahari, kama mfano wa kumshirikisha kila mtoto.

Msomaji asinielewe vibaya, sitaki kujitetea kwa kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Elimu ya watoto hawa ilianzia kwenye taasisi za makanisa, zilizowaweka peke yao: Buigiri, Dodoma, shule ya wasioona ya Kanisa la Anglikana tangu 1950, Tabora, shule ya viziwi ya Wakatoliki tangu 1963. Zilifanya kazi njema, maana bila hizo pasingekuwa na kitu. Hata Bunge lilipotunga sheria mbili mwaka 1982, moja ilihusu ajira yao na nyingine matunzo yao. Katika fikra zetu sisi wakubwa, mtu wa namna hiyo alihitaji kazi na chakula. Kwamba angetaka pia kukimbiza mpira, hilo halikutujia.

Lugha nayo ilikuwa hivyo hivyo. Tulisema kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, na wapo wanaodai kwamba Kiswahili kiliwatia watu hawa katika ngeli ya vitu ili kuwadharau. Mimi niliyefundisha sarufi miaka mingi nawakumbusha kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo humo. Siilaumu lugha. Najilaumu mimi niliyeitumia.

Sasa nieleze kwa nini mzee wa Kikatiti anaandika habari za raga. Sijawahi kuucheza mchezo huo. Mpira wake wenye umbo la yai nimeushika mara moja tu, nikauangusha. Lakini raga ya Tanzania ina mizizi Arusha kuliko mahali pengi, na kijana wa kwetu aliyeipenda ndiye aliyenieleza kwamba huko ng'ambo iko raga ya mchanganyiko, ambamo wenye ulemavu na wasio nao huvaa jezi moja. Sikuamini. Mpira wa miguu ningekubali, lakini mchezo wa watu kukabana na kubwagana chini?

Nimesoma tangu hapo. Timu ya kwanza inayotajwa ni Swansea Gladiators ya Wales, iliyoanza mwaka 1992. Mwaka 2009 ikaanzishwa nyingine kaskazini ya Uingereza, huko Bradford, na mji huo huo ukaandaa mashindano ya kwanza ya kimataifa mwaka 2015. Yakafuata ya Vitoria, Hispania, mwaka 2017. Ya 2020 yaliahirishwa kwa sababu ya UVIKO, yakafanyika Cork, Ireland, mwaka 2022.

Kilichonishangaza ni kanuni zake. Ni raga ile ile, na wachezaji hukabwa na kuangushwa. Badiliko kubwa ni moja: washambuliaji wanapoinama na kushikana mabega, hawasukumani. Hakuna kupimwa wala kupangwa kwa madaraja ya ulemavu, na mtazamaji haambiwi nani ni nani. Hapo ndipo inapotofautiana na Special Olympics, harakati iliyoanzia Chicago mwaka 1968 na ambayo hapa Tanzania tunayo. Wao pia wana timu za pamoja, wenye ulemavu wa akili wakicheza na wenzao wasio nao, ila huangalia kwanza umri na uwezo vilingane. Tena ni tofauti na Tembo Warriors, timu yetu ya wachezaji waliokatwa viungo, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Istanbul mwaka 2022. Hao nawavulia kofia. Lakini mvulana wangu hakuomba timu ya wenye fimbo. Aliomba kucheza na wale aliokaa nao dawati moja.

Kijana wangu wa raga alinieleza jambo jingine, nikalitafakari kwa siku kadhaa. Katika mchezo ule pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, kwa hiyo aliye na kasi hana budi kumtegemea aliye nyuma yake. Na katika watu kumi na watano pana nafasi ya mnene, ya mfupi, na ya yule asiyekimbia ila akisimama hasogei.

Siku hizi mambo yamebadilika, ingawa si yote. Chuo cha Patandi pale Tengeru, safari fupi ya daladala kutoka kwetu, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 30 inataja hata michezo. Hata hivyo nimepita viwanja vingi vya shule hapa Meru, na mtunza mashati bado nimemwona.

Wangu mimi ni fundi cherehani sokoni Kikatiti, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwaka jana nilimpelekea koti nikamhadithia habari za Swansea. Alisikiliza huku akitafuta uzi.

"Mwalimu," akasema, "siku ile uliogopa nini?"

Nikamjibu kweli. Niliogopa mguu wake usivunjike, na niliogopa baba yake asije shuleni.

"Baba asingekuja," akasema. "Alikuwa ameshanikataza kupanda miti na nilikuwa napanda. Nilivunjika mkono darasa la tano, likizo. Wewe uliambiwa ni malaria."

Akacheka sana. Mimi nilicheka kidogo. Kisha akanipima mabega, akasema koti litakuwa tayari Jumamosi.