Tiba Ilimfuata Nani? Historia ya Afya ya Mtoto wa Kijijini Mkoani Tanga

Sisi wakufunzi wa siasa tuna mazoea ya kupima maendeleo ya afya kwa kuhesabu majengo. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na vituo vya afya vijijini 22. Kufika 1980 vilikuwa zaidi ya 200. Hesabu hiyo ni ya kweli na ni ya kujivunia. Lakini kada anayetaka kuielewa historia ya Tanga hana budi kuuliza swali jingine kwanza: tiba ilikuwa inamfuata nani?

Wakati wa Wajerumani jibu lilikuwa wazi. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza kutoka bandari ya Tanga. Reli ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Daktari na dawa walikwenda na reli na mashamba. Bepari wa mkonge hakuwa mjinga. Alijua kwamba kibarua mwenye homa hakati mkonge. Chini ya Waingereza manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali waliangaliwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mtoto hakukata mkonge, kwa hiyo hakuwa na nafasi katika daftari. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860 waliwatibu wanyonge wengi, na haki yao tuwape. Ila misheni haiwezi kuibeba wilaya nzima.

Mgongano huo unaonekana vizuri zaidi pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti, na shabaha yake ilikuwa mazao. Hata miti ya kwinini ilipandwa huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo hayo yakawa ya utafiti wa malaria. Basi wataalamu walikaa juu penye baridi, na bondeni, watoto wa Muheza waliishi katika mojawapo ya sehemu zenye malaria kali mno. Elimu kubwa ilipatikana Amani. Lakini kuujua ugonjwa ni jambo moja na kumfikia mgonjwa ni jambo jingine, na mtandao wa zahanati wa kuifikisha elimu hiyo vijijini haukuwapo.

Azimio la Arusha la 1967 liligeuza swali. Mwaka 1971 Mkutano Mkuu wa TANU ukaelekeza kwamba afya vijijini itangulie hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 mpango wa chanjo ukaanza.

Hapa tusikimbie. Chanjo ya surua hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu inapotoka ghala hadi inapoingia mkononi mwa mtoto. Kijiji kisicho na umeme kilitegemea jokofu la mafuta ya taa. Kwa hiyo siku ya kliniki mama alipofika kwa miguu, mtoto mgongoni na kadi mkononi, kila kitu kilitegemea kama kuna mafuta, kama utambi umesafishwa, kama muuguzi yupo. Azimio lilimfikia mtoto kwa kupitia utambi. Na baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika, mafuta na dawa viliadimika pia, na zahanati nyingi zilibaki na rafu tupu. Tuseme kweli: katika madarasa yetu tuliendelea kuhesabu majengo. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo makasha ya dawa muhimu, yaliyofungwa tayari, yalipoanza kupelekwa hadi zahanati za vijijini. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama uliingia hospitalini. Watoto chini ya miaka mitano walisamehewa, lakini msamaha wa kulipia dawa isiyokuwapo haumponyi mtu.

Jambo moja wanafunzi wetu hawalijui. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulilinganisha kwinini na atesuneti, dawa ya sindano yenye asili katika mmea wa jamii ya pakanga, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Kati ya kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Waliopewa atesuneti walikufa 85. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaagiza atesuneti itumike kwa watoto. Miongoni mwa hospitali 11 zilizofanya kazi hiyo mbili zilikuwa za Tanga: ile ya Muheza ambayo wananchi huiita Teule, na ya Korogwe. Mtoto aliyekosekana katika daftari la mkonge aliifundisha dunia namna ya kutibu malaria.

Sasa fungueni ramani, ndugu, mtafute Muheza na Korogwe. Ni stesheni za reli ile ile, ya 1896 na ya 1902.