KABAKA ALIYEKIMBILIA MAGU (Sehemu ya 4)

Wiki iliyopita niliahidi kuwaletea mfalme aliyewahi kuvuka ziwa akaja kujificha huku kwetu Usukumani. Wengine mlibahatisha kwenye komenti, wawili mkapata. Ni Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda.

Najua wengi mnamfahamu kwa jambo moja tu, mauaji ya Mashahidi wa Uganda. Ni kweli aliwaua, na sitamtetea hapa. Lakini usipoijua familia aliyotoka, hutaelewa mfalme wa nchi kubwa vile alifikaje Magu akiwa na mitumbwi na watu wachache. Magu hii hii unayoipita ukipanda basi hapa Lamadi kwenda Mwanza.

Sisi manesi tukimpokea mgonjwa tunauliza historia ya familia. Basi tuiandike ya Mwanga. Babu yake, Kabaka Suuna wa Pili, alikufa kwa ndui mwaka 1856. Baba yake, Mutesa wa Kwanza, aliugua kwa muda mrefu na akafariki Oktoba 1884. Huyu Mutesa alikuwa na wake zaidi ya 80. Mmoja wao aliitwa Abisagi Bagalayaze, ndiye aliyemzaa Mwanga mwaka 1868. Piga hesabu mwenyewe. Kijana alikalia kiti akiwa na miaka 16, umri wa mtoto wa kidato cha pili au cha tatu.

Sasa kuna jambo ambalo naomba ulishike vizuri. Kwa Waganda mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Watoto wa Kabaka peke yao ndio hufuata ukoo wa mama. Maana yake hakuna ukoo mmoja unaomiliki kiti. Kila ukoo uliopeleka binti ikulu unaomba mjukuu wao ndiye achaguliwe. Ni utaratibu wa akili sana, unaifunga nchi pamoja. Lakini uangalie kutoka ndani ya nyumba. Ndugu yako wa baba mmoja ana wajomba zake nyuma yake, nawe una wako, na kiti ni kimoja. Zamani Kabaka akishatulia kitini, ndugu zake wa kiume walifungwa na wengi waliuawa. Na usidhani hayo ni ya Afrika tu. Uingereza, mwaka 1483, Edward wa Tano mwenye miaka 12 aliwekwa kwenye Mnara wa London pamoja na mdogo wake, hawakuonekana tena, na kiti kikachukuliwa na baba yao mdogo.

Mwanga akaanza kazi katika nyumba ya namna hiyo, tena kipindi kibaya. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wanachukua maeneo ya pwani, na habari zilifika ikulu. Ndipo Askofu Hannington wa Waanglikana akaja kwa njia ya mashariki kupitia Busoga, njia ambayo Waganda waliamini adui atapitia. Mwanga akaamuru auawe, ikawa Oktoba 29, 1885. Kisha vijana wa ikulu waliobatizwa wakaanza kukataa amri zake, zikiwemo za kumtimizia tamaa zake za mwili. Juni 3, 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kanisa Katoliki linawahesabu mashahidi 22, Waanglikana 23, waliouawa kwa nyakati tofauti.

Mimi naona hofu yake juu ya wageni haikuwa ya kijinga, maana mwaka 1894 Waingereza waliichukua kweli nchi yake. Ila alimalizia hofu hiyo kwa vijana waliokuwa wanamtumikia, na hilo halifutiki.

Sasa tuje 1888. Mwanga alikuwa ameunda vikosi vya vijana wenye bunduki, Waislamu na Wakristo, ili awapunguze nguvu wazee. Baadaye akawaogopa hao hao. Zikavuma habari kwamba anataka kuwapakia kwenye mitumbwi, akawatupe kisiwani wafe njaa. Wakakataa kupanda. Septemba wakampindua. Ana miaka 20.

Akaingia ziwani na watu wachache, akaja kutua Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Hakupokelewa kifalme. Alikaa kama mtu aliyeshikwa, mpaka akapata njia ya kutoka na kufika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, kwa mapadre wa White Fathers. Wale mapadre walikuwa wamefukuzwa Buganda muda si mrefu baada ya yeye kupinduliwa, na waumini wao yeye mwenyewe ndiye aliyewachoma. Wakampokea wakampa mahali pa kulala. Hapa huwa nasimama kidogo. Manesi wenzangu mnajua kumhudumia mtu ambaye kila aliyeko wodini anajua alichofanya.

Na kule nyumbani kwao je? Hapa ndipo familia inapoteketea. Waliompindua walimweka kaka yake, Kiweewa, mtoto wa kwanza wa Mutesa, ambaye kwa mila hakutakiwa kabisa kuwa Kabaka. Waislamu wakamtaka atahiriwe. Akakataa, akawaua baadhi ya wakubwa wao, na baada ya wiki chache tu naye akatolewa. (Sisi tunaozunguka na kampeni za tohara Kanda ya Ziwa tunadhani tumeona watu wagumu!) Akafuata Kalema. Huyu alikubali tohara, akaitwa Rashid. Halafu, akihofia mmoja wa ndugu atatumiwa dhidi yake, akawaua wana na mabinti wa Mutesa aliowapata, Kiweewa akiwa mmojawapo.

Mwanga hakuwemo. Alikuwa huku kwetu. Kufukuzwa kwake ndiko kulikomwokoa.

Mwaka 1889 akarudi akiwa upande wa Wakristo, hao hao, kwa chombo cha Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland ambaye zamani alikuwa mmisionari na alioa Mnyamwezi. Kufikia Februari 1890 kiti kilikuwa mikononi mwake tena. Kalema akafa mwaka huo huo kwa ndui, ugonjwa uliomuua babu yake Suuna.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Desemba 1890 alitia saini mkataba na Lugard, Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana Mengo naye akakimbia tena, akarudishwa. Julai 1897 akatoroka ikulu kwenda Buddu kuwapiga Waingereza, akashindwa, akavuka kuja upande wa Wajerumani nao wakamzuia. Akatoroka tena kwenda kupigana.

Aliyemwachia kiti ni mwanawe Daudi Chwa, aliyezaliwa Agosti 8, 1896 na mama Everini Kulabako. Agosti 1897 Waingereza wakamtangaza Kabaka. Mwaka mmoja! Kwa kadi yetu ya kliniki, huyo mtoto yuko katikati ya chanjo ya kwanza na ya pili ya surua. Apolo Kagwa na wenzake wawili wakatawala kwa niaba yake, na hakuna ndugu aliyemgusa, maana wengi walishauawa na bunduki sasa ilikuwa ya mwingine.

Baba yake alikamatwa Aprili 9, 1899 kule Lango akiwa na Kabalega wa Bunyoro, mfalme ambaye familia yao ilipigana naye miaka mingi. Wote wawili wakapelekwa Shelisheli. Huko Mwanga akabatizwa, akaitwa Danieli. Alifariki Mei 8, 1903, akiwa na miaka kama 35, umri wetu wengi tulioko humu. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1910, akazikwa Kasubi alipolala Mutesa. Daudi Chwa wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 14, akimzika baba ambaye hakumkumbuka.

Sehemu ya 5 ni Kabalega, na mkono uliokatwa baada ya kupigwa risasi. Nipo zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kwa hiyo ni Ijumaa. Wa Magu na Bukumbi, kama wazee wenu walisimulia lolote juu ya Mwanga, andikeni hapa chini.