Masheikh Kumi na Mirathi ya Binti

Ukitajwa mjadala wa haki za wanawake Somalia, watu hukimbilia Al-Shabaab. Mimi huwa narudi nyuma, Januari 1975.

Mwezi huo Siad Barre, jenerali aliyetwaa madaraka mwaka 1969, alitangaza sheria mpya ya familia. Binti agawane mirathi sawasawa na kaka yake. Mume anayetaka mke wa pili apate kwanza kibali cha mahakama. Sasa wadau, mnajua Kurani humpa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili. Masheikh wa Mogadishu wakapinga misikitini. Tarehe 23 mwezi huohuo, kumi kati yao wakapigwa risasi.

Hebu fikiria... haki unapewa bila kuulizwa, tena imekuja na maiti kumi! Tangu hapo aliyeitetea sheria ile alionekana anamtetea dikteta. Barre alipotimuliwa mwaka 1991 nchi ikameguka kiukoo, na sheria ikabaki makaratasini. Nani angeipigania?

Mwaka 2000 ukaitishwa mkutano wa amani Arta, Djibouti. Viti viligawanywa kwa koo, na koo husemewa na wanaume. Mwanamke aliyezaliwa ukoo huu na kuolewa ule alikuwa hana pa kukaa. Basi kina Asha Hagi Elmi wakaunda wa kwao, wakauita Ukoo wa Sita. Walitoka na viti 25 vya bunge kati ya 245. Vichache, ndiyo, ila walividai wenyewe. Januari 2004, Nairobi, Asha akatia saini makubaliano ya amani pamoja na wababe wa vita.